Nilimkatalia Binti Rangi ya Waya, Sasa Mwenzangu Anabeba Aibu Yangu

Mie nina miaka sitini na nane. Nimemzika mke wangu, nimewazika masupavaiza watatu, na kiwanda nilichokitumikia miaka thelathini na moja kule Temeke nacho nimekizika, leo ni godauni la mchele. Mie bado nipo. Shule niliishia darasa la pili, herufi zinanipiga chenga mpaka leo, haya mnayosoma nayaandika kwa kidole kimoja tangu asubuhi. Lakini kwenye umeme msinitanie. Mota iliyowashinda mainjinia wawili mie niliifufua kwa kuinusa tu. Vitabu sikusoma, nilisoma rangi. Supavaiza wangu wa kwanza alitukaririsha kama dua: nyekundu, njano na bluu hao wanaua, nyeusi anarudi nyumbani, kijani anazikwa. Yaani hizo tatu zina moto, nyeusi ni nyutro, waya wa kurudisha umeme usio na moto, kijani inakwenda ardhini. Hiyo ndiyo a, e, i, o, u yangu.

Kiwanda kilipofungwa nikawa naokotwaokotwa na makontrakta, hadi mmoja wao, umri wa kitinda mimba wangu, akaniambia, "Mzee, ungepumzika sasa." Nikamwambia kapumzike wewe. Mwaka jana nikapigilia kibao nje kwangu Ukonga, FUNDI UMEME, nikakaa kungoja. Mteja wa kwanza tulionana msibani, mwalimu mstaafu, mama wa watu, anajenga Madale kule juu mlimani, nyumba ya vyumba vinne. Akaniamini hapo hapo.

Nyaya alishanunua mwenyewe. Nafungua maboksi nakuta kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Kahawia? Kwenye dua yetu kahawia hayupo! Nilisita, sitawadanganya. Roho iliniambia uliza. Lakini mama mwalimu alikuwa kasimama pale na kikombe cha chai anamtazama fundi wake. Nikajisemea, bluu namjua, bluu ana moto, basi huyu kahawia mgeni ndiye nyutro. Nikaanza kuvuta waya.

Jirani yake kuna binti anaitwa Rehema, kasomea umeme chuoni. Siku ya tatu akapita kusalimia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu samahani, naona bluu umeipeleka kwenye moto. Siku hizi bluu ndiyo nyutro. Moto ni kahawia."

Mama mwalimu akanigeukia. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikasema, "Binti, mie nimeanza kupigwa shoti mama yako hajavunja ungo. Siku hizi, siku hizi! Umeme nao una siku hizi? Nenda kasuke nywele huko." Mama mwalimu alicheka mpaka akamwaga chai. Rehema hakucheka. Akasema, "Sawa babu," akaondoka.

Na nyumba ikawaka. Kila taa, kila soketi, mara moja, bila kurudia. Vigelegele vikapigwa, nikafungiwa kuku mzima niende naye nyumbani. Maana umeme wenyewe haujui rangi, unapita popote utakapoupitisha. Anayejua rangi ni fundi atakayekuja baada yako, na huyo mie sikumfikiria hata kidogo.

Ilipita miezi minne. Mama mwalimu akataka taa ya barazani, mie goti lilikuwa limevimba, akamwita fundi mwingine, Sefu wa Tegeta, baba wa watoto wawili. Sefu akazima swichi ya taa, akapanda ngazi, akashika bluu kwa amani kabisa kama alivyofundishwa. Kumbe bluu yangu ina moto hata swichi ya taa ikizimwa, ikamtupa chini. Mkono ukavunjika mara mbili.

Simu ikalia. "Babu fundi, huyu Sefu anasema nyaya zako zimegeuzwa."

Nikaisikia sauti yangu inasema, "Mwalimu, fundi gani anashika waya hajazima meni swichi ya nyumba nzima? Hata testa hana? Huyo kanjanja." Na kuhusu meni swichi nilisema kweli, mafundi mtanielewa. Lakini kweli hiyo niliisema ili nifunike ile nyingine.

Mama mwalimu akalibeba neno langu. Leo Madale kote Sefu anaitwa kanjanja, mkono umeunga lakini haitwi hata kubadilisha balbu. Mie ndiye ninayeitwa.

Juzi Rehema akanipigia. "Shikamoo babu." Nikaitikia. "Babu, tangu siku ile mie sijalisema tena kwa mtu. Wewe ni mzee, siwezi kukuvua nguo mbele za watu. Ila ile nyumba bado iko vile vile, na mwalimu ananitaka nimfungie hita ya maji bafuni. Nimemwambia asubiri kidogo. Nakungoja wewe."

Hakunitukana. Angenitukana ningejua la kumjibu.

Nimechoka, jamani. Nikienda, itabidi nifungue swichi moja moja nyumba nzima, mama mwalimu kasimama ananitazama, na kibao changu nikishushe hata rangi haijapauka. Na Sefu nitamtazama kwa jicho gani? Nisipokwenda, hita inangoja, na kuna mtu ataishika. Ubishi ndio ulionifikisha hapa, kila niliyebishana naye nilimshinda, waliokufa na walio hai. Kukubali kushindwa sijui kunaanzia wapi. Nyie mliosoma nielekezeni: nianzie kwa Sefu au kwa mwalimu? Na nikishapiga hodi, neno la kwanza niseme lipi?

Na atakayesema mzee huyu katunga, basi Admin, jina langu lifiche, la Rehema liache. Muulizeni yeye. Alikuwepo, bluu aliiona kwa macho yake, na mpaka leo kanyamaza kwa ajili yangu.