Minazi Yangu Mitano ya Waa

Wasomaji, nichekeni taratibu, maana mke wangu ameshacheka vya kutosha.

Tangu tupate uhuru, karani mwenzangu Hamisi hunihimiza niweke akiba benki au nijenge nyumba ya kupangisha. Mimi nikajiona mjanja zaidi. Kwetu Waa mtu huweza kuuza minazi akabaki na shamba lake, basi nikanunua mitano kwa siri, nije kumfurahisha mke wangu. Mzee aliyeniuzia alitaka twende tukaione. Lakini mimi na kiti changu cha barazani hatuachani, nikamwambia anionyeshe kwa kidole tu.

Jumamosi nikamwalika Hamisi aje aone mali inayozaa. Mkwezi niliyemwita aniangulie nazi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwamuru apande. Nazi zikamwagika chini.

"Benki yako huangusha hivi?" nikamtambia Hamisi.

Mara mke wangu akatokea kisimani, ndoo kichwani.

"Baba Mwanaisha, nani kakutuma uangue nazi zangu?"

"Zako tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, kwa pesa zangu za makuti. Alama yangu hukuiona kwenye shina?"

Nikakiri kwamba mzee ameniuzia mitano, nami sijawahi kuisogelea.

Akatua ndoo, akanishika mkono kwa huruma, akanielekeza kwenye minazi mitano mirefu, myembamba, isiyo na hata kidaka kimoja cha nazi changa.

"Pole, mume wangu. Ile mzee alitaka kuniuzia mimi kwanza, nikaikataa."