Mkono wa Maua

Wewe unayejifunza kushona, keti hapa nikueleze kwa nini karatasi hii kuukuu ya mfuko wa simiti bado inanukia mafuta ya cherehani.

Mama aliitumia kama kiolezo cha kunikatia gauni la kuimbia kanisani, huko kwetu Gitothua, kwa kitambaa cha masalio kutoka kiwandani Thika. Jumamosi jioni nilipolijaribu, upande wa kushoto ulinibana bega nikashindwa kuinua mkono. Mama hakuwa amegeuza karatasi, kwa hivyo mikono yote ya gauni ilitoka ya upande wa kulia.

Cucu, mama yake, akacheka. "Kwani huyu mtoto ana mikono miwili ya kulia?"

"Maitu, usinicheke. Kitambaa kimeisha, na kesho anaimba," Mama akamwambia mama yake.

Cucu akafungua leso yake ya maua kiunoni, akaitandika mezani. "Kata hapa."

Kesho yake niliimba na mkono mmoja wa maua, na baada ya ibada wasichana wa kwaya wakaniuliza fundi wetu ni nani.

Leo namkatia binti yangu kwa karatasi hiyohiyo. Nawe ukishakata mkono wa kwanza, geuza karatasi, halafu ukate wa pili.