Muuguzi Anayezuia Maziwa Mlangoni

Saa tatu asubuhi, Bulla Iftin mjini Garissa. Habibo Rage anavua viatu, anaitikia salamu, kisha hata kabla hajamtazama mgonjwa anabeba chetezo kinachofuka ubani na kukitoa nje. Wenyeji wanatazamana. Kwao, kumlaza mgonjwa chumbani bila manukato ni aibu.

"Wananiona sina adabu," anasema muuguzi huyu wa miaka arobaini na mmoja. "Lakini hiyo harufu ikiingia pua ya mtu ametoka kutiwa dawa ya saratani, tumbo yote inapanda juu. Wacha nikose adabu."

Kwenye godoro amelala Ebla, mfugaji wa ngamia kutoka Griftu, mbali kaskazini. Amekwenda Nairobi mara tatu kutiwa dawa ya saratani ya titi, na zimebaki mara tatu. Kila akirudi hufikia hapa kwa wifi yake na kutapika siku nne mfululizo. Dawa ya nne ni Jumanne ijayo, na Ebla amesema haendi.

"Uvimbe haikuniuma," anasema polepole. "Hii kutapika ndiyo inaniua. Afadhali nife kwangu."

Madaktari wamemweleza kwamba uvimbe umeanza kunywea, na kwamba akiacha sasa huenda ukarudi kwa kasi.

Habibo amekuwa muuguzi miaka kumi na saba. Wodini, katika hospitali ya hapa mjini, hubaki peke yake na wagonjwa thelathini na wawili kwa zamu. Tangu Januari mwaka huu wa 1996 amewahudumia wagonjwa tisa wa saratani majumbani, baada ya kazi. Ukimuuliza analipwa nini, anakuuliza kama wewe ni dalali wa mbuzi.

Mgonjwa hapa hupewa kilicho bora: samli, na maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, maana chombo chake hufukizwa. Anapewa siku zile zile za dawa, tena kwa wingi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

"Unatapika maziwa leo, unatapika kesho, basi tumbo inasema maziwa ni adui," anaeleza Habibo. "Na mtu wa ngamia akichukia maziwa, atarudi kuishi wapi?"

Analijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1993 dada yake, Maryan, alirudi kutoka Nairobi kutiwa dawa hiyo hiyo, na Habibo, muuguzi mwenye cheti, akamnywesha kikombe baada ya kikombe. Maryan alitapika hadi akaogopa dawa yenyewe, akaacha matibabu. Alizikwa miezi saba baadaye.

"Nilimpenda vibaya," anasema, na kufuta machozi kwa shungi bila kujificha.

Sasa anafundisha. Vidonge vya kuzuia kutapika, ambavyo Ebla alikuwa akingoja atapike ndipo avimeze, vitangulie kabla ya dawa, kisha viendelee kwa saa kama daktari alivyoandika. Mkate mwembamba wa anjera uliopoa, kipande kidogo. Maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Akitapika kila kitu kutwa nzima, au akikosa mkojo, akimbizwe hospitali.

Bado anaeleza, mumewe Ebla anatokea mlangoni. Ni Dubow, aliyesafiri siku mbili juu ya lori la mbuzi, mkononi ana dumu la maziwa ya ngamia yaliyochacha. Habibo anasimama katikati ya mlango.

"Walaal, dada yangu, nimeibeba kutoka Griftu," Dubow anasema. "Mke wangu akikosa maziwa yangu, watu watasema nimemtupa."

"Watasema Dubow ana akili. Hii kunywa wewe. Yeye atakunywa maziwa dawa ya sita ikiisha, inshallah."

Dubow anakaa kizingitini na kujimiminia, uso umemshuka.

Wakati wa likizo yake ya Agosti, Habibo anapanga kwenda Griftu siku ya mnada akazungumze na kina mama, kabla mgonjwa mwingine hajaanza safari. Anatumaini Ebla atasimama naye. "Watamsikia yeye kuliko mimi," anasema.

Hakuna anayemlazimisha Ebla. Anatafuna anjera taratibu, anafuatishia kijiko cha maji. Nusu saa inapita, na chakula kimetulia tumboni.

"Dubow," anaita. "Ukimaliza, nenda kata tiketi ya Jumanne. Kata mbili."

Dubow anaweka kikombe chini, hajakinywa hata nusu, na kuuliza stendi ya mabasi ya Nairobi iko upande gani.