Mvinyo wa Shemeji Wageuka Mchungu

Mwenye mgahawa uliokuwa jirani na karakana watu walimwita Bwana Hakika, kwa sababu ya swali lake. Ukimwambia mvua inakuja, "Una hakika?" Ukimwambia chai imechemka, anafunua birika ajionee. Zamani mshirika wake alimwibia biashara nzima, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mgahawa ulisifika kwa mbavu za ng'ombe za kuchoma na mvinyo mwekundu wa bondeni, uliotengenezwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, kutokana na zabibu za shamba lake. Ulikuwa mvinyo mzito, unaokausha ulimi, lakini mafuta ya mbavu yaliulainisha. Wateja walisema viwili hivyo vimeoana.

Siku moja Hakika akaitilia shaka nyama ya mwenye bucha. Yule bwana akaapa kwamba ng'ombe kachinjwa asubuhi ile. Hakika akainusa, akaigeuza, akaiacha juu ya meza, akaondoka. Mbavu zikatoka mgahawani, wakaingia samaki wa kukaanga.

Haukupita muda, dereva wa lori, mteja wa siku nyingi, akasukuma glasi yake pembeni. "Kaka, mvinyo huu una ladha ya msumari."

Wengine nao wakalalamika. Hakika akamkumbuka shemeji, aliyekuwa ametoka kununua pikipiki mpya. Kwa pesa gani, kama si za kuongeza maji na dawa kwenye mapipa? Akaanza kuinua chupa dirishani azitazame, akaziba vizibo kwa nta yake mwenyewe, akafunga stoo kwa kufuli.

"Kaka yangu amekukosea nini?" mkewe akamuuliza.

"Sijasema kitu. Ila kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi jipekue. Nguo ni zako."

Jumapili akafunga safari ya bondeni bila taarifa. Mkobani alitia chupa moja ya stoo yake, nta ikiwa bado juu, na samaki wa kukaanga, kwa kuwa hakutaka kula cha mtu anayemshuku. Alipofika alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwenye banda la mapipa. Akanusa ndoo, akachovya kidole, akalamba.

"Shemeji, umepoteza kitu?"

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu.

"Unachanganya nini humu?" Hakika akauliza, bado amepiga magoti.

Shemeji akaifunika ndoo. "Twende ukale kwanza. Mke wangu anachoma mbavu."

Harufu ilimshinda Hakika, akakubali nyama. Mvinyo wa mwenyeji akaukataa, akafungua chupa yake. Akatafuna ubavu, akanywa. Mvinyo ukapita laini, mtamu kama zamani. Akashuku glasi, akaomba nyingine. Ukawa vilevile. Ndipo akatoa samaki wake, akamega, akanywa tena, na uso ukamkunjamana. Msumari. Akarudi kwenye ubavu: laini.

"Kumbe ni samaki," akasema mke wa shemeji, aliyekuwa akimwangalia muda wote huo. "Hawapatani na mvinyo huu."

Hakika akahisi masikio yanawaka. Samaki aliwaingiza mgahawani yeye mwenyewe, kwa kumshuku mwenye bucha.

"Kwa hiyo ulikuja kukamata mwizi," shemeji akasema.

"Nilikuja kuuliza."

"Wa kuuliza hupita mlango wa mbele."

Hakika akaomba radhi. Shemeji akaitikia kwa kichwa tu.

Kesho yake akaenda kwa mwenye bucha. Yule bwana akawahudumia wote waliokuja nyuma yake, ndipo akampimia mbavu. Wateja wakarudi, wakasifu mvinyo. Lakini shemeji, aliyezoea kupita jikoni na kula na dada yake, sasa alishusha makreti mlangoni, akapiga honi, akaondoka. Mke wa Hakika hakumlaumu kwa maneno. Kila siku ya makreti aliweka sahani ya kaka yake mezani, kisha akaiondoa ikiwa safi.

Msimu wa mavuno ulipofika, Hakika akajitokeza shambani asubuhi bila kualikwa. Safari hii alibisha hodi mbele. Shemeji akampa kikapu, akamwonyesha mstari wa mwisho, ule usio na kivuli. Hakika akachuma hadi jua likainama, shati limemganda mgongoni. Walipoitwa kula, shemeji akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.