Mwezi Nilioufunga Wote

Sikuanguka. Nalirudia hilo kwa sababu kila mtu hapa Kariakoo ananiuliza niliangukia wapi. Nilikuwa nashuka ngazi ya stoo na doti chache za khanga mkononi, mguu wa kulia ukakataa. Basi.

Muundi ulikuwa unauma toka kabla ya Ramadhani, nikasema ni uchovu. Nakimbia mbio ndefu, maumivu nimeyazoea. Au labda nilikuwa najidanganya, sijui.

Daktari, mama wa makamo, akanionyesha picha: ufa mwembamba kama unywele. Shangazi yangu, mwenye duka, alikuwa amekaa kando yangu.

"Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?" daktari akauliza.

Nikacheka. Nimeleta mguu, ananiuliza hedhi! Halafu nikajaribu kukumbuka, nikakosa.

Shangazi akadakia kwa fahari. "Huyu? Huyu Ramadhani kafunga mwezi mzima, hakula hata siku moja. Wenzake bado tunalipa!"

Kweli. Kwetu mwanamke akiwa hedhini hafungi, siku zile anazilipa baadaye. Mimi sikuwa na ya kulipa. Wanawake wa dukani walinitania, "We mwenzetu malaika nini?" nami kichwa kikavimba. Hakuna aliyejiuliza kwa nini, hata mimi mwenye mwili.

Daktari hakucheka. "Mama, hapo hakuna cha kusifia. Anakimbia sana, anakula kidogo. Mwili umekata hedhi, na mifupa nayo inadhoofika."

Miaka yote nilidhani mguu una mambo yake na tumbo la uzazi lina yake.

Nisimsingizie mtu. Daktari hakusema funga ndiyo iliyonivunja. Nilianza kujinyima zamani. Kocha alisema niwe mwepesi. Nadhani alisema pia nile, ila hilo sikulishika.

"Nitakimbia tena?" nikauliza.

"Mguu upone, hedhi irudi. Ndipo tuongee habari za mbio."

Tulirudi na shangazi mpaka Msimbazi. "Na mimi nilikuwa nakutangaza mtaa mzima," akasema, akageuza uso.

Siku hizi nikiingia dukani na magongo yangu nikasema, "Shikamoo, shangazi," haitiki marahaba kwanza.

"Umeziona siku zako?" anauliza, mbele ya wateja.

"Bado."

Ananisogezea chapati ya pili, anasimama pale mpaka niimalize.