Fundi Aliyeficha Kukonda kwa Mkewe

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na nasema mapema kwamba ni mtu mwema, maana nikishaanza kumsema hamtaniamini tena. Tabu yake ni moja: hana maneno. Mteja akimlalamikia kwamba suruali inambana, hamjibu kitu. Anaichukua tu, na kesho yake inarudi imekaa sawasawa. Wanaume wengine wakigombana na wake zao huomba radhi. Huyu humshonea mkewe sketi. Dada yangu ana sketi nyingi sana.

Dada huyo ni mkubwa wangu, tumbo moja, na ndiye aliyepatikana na saratani ya titi. Nilipopata habari nilihamia kwao siku ileile na sufuria zangu, kwa sababu za kwao nazijua. Operesheni ikapita salama, ikaja zamu ya dripu za dawa. Nywele zikamtoka zote. Akajitazama kwenye kioo akasema amekuwa baba yetu mtupu, bado masharubu tu. Nikacheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaenda chooni nikalia.

Kilichotushinda ni chakula. Ukiugua malaria, watu hukuletea pole. Ukiugua saratani, kila mtu mtaani anageuka daktari. Jirani wa ukuta mmoja alikuja kusema sukari inanenepesha ugonjwa, tuache kabisa. Muuza mkaa akasema adui ni nyama. Mama mmoja nisiyemjua hata kwa sura aliingia kuomba maji ya kunywa, na alipomaliza glasi alikuwa ameshapiga marufuku maziwa na mayai. Dada aliwasikiliza wote kwa adabu, na mwisho wa yote akabaki na maji na matango.

"Ugonjwa ukikosa chakula utaondoka wenyewe," akaniambia.

"Utaondoka," nikamjibu, "lakini mtaondoka wote wawili."

Hakuambilika. Tena alikuwa na ushahidi wake. Kila nikimwambia amekonda, alisimama katikati ya sebule akageuka huku na huku. "Nimekonda wapi? Hebu tazama gauni hili. Ni la zamani, na linanikaa vilevile." Na kweli lilimkaa. Mashavu yameingia ndani, bangili inapanda mpaka kwenye kiwiko, lakini kiunoni gauni limeshika kama siku liliposhonwa. Nikaanza kuyatilia shaka macho yangu. Nikafikiri labda kuna watu wanaokonda kuanzia juu, na huyu bado hajafika kiunoni.

Shemeji naye wakati huo alikuwa amepata bidii mpya. Alibeba magauni ya mkewe kwenda nayo kibandani kwake, eti pasi ya nyumbani hainyooshi vizuri. Akayatia na bitana laini kwa ndani, akasema dawa zimemfanya dada ngozi yake iwe nyepesi, mishono itamkwaruza. Nilimsifia huyu mtu mtaa mzima, na maneno yale sasa hayarudi mdomoni.

Ikafika siku ya dripu, tukaenda hospitali watatu: dada, shemeji na mimi. Kabla ya dawa lazima mgonjwa apimwe uzito, kwa sababu dawa inapimwa kwa kuangalia uzito wake. Mara iliyotangulia ulikuwa umeshuka kidogo. Dada aliambiwa ale, akaitikia vizuri, akaja nyumbani akala tango. Safari hii nesi alitazama mizani, akatazama faili, akamwomba dada ashuke apande tena.

"Mizani yenu imechoka," dada akasema. "Mimi sijapungua."

Nesi yule ni mwanamke wa mwili, mpole, na ndiye anayeongoza mazungumzo ya wagonjwa na wanaowauguza kila Jumatano, mazungumzo ambayo sisi hatukuwahi kuyahudhuria kwa sababu tulikuwa na washauri wa mtaani. Hakubishana. Alivua viatu akapanda mwenyewe mbele ya foleni nzima.

"Mizani hii hainipendi," akasema, "lakini haijawahi kunisingizia."

Mzee mmoja akanyanyuka kwenye benchi naye ajaribu. Akafuata mwanawe. Benchi zima likaanza kusimama, na kwa muda kidogo idara ya saratani ikawa na furaha kama harusini. Kila aliyepanda alikubali kwamba mizani ni nzima. Dada peke yake alikataa.

Daktari akatoka, akasoma namba, na kicheko kikaisha. Akasema dripu hatatoa leo. Mwili umeisha nguvu. Aende akale vizuri, arudi wiki ijayo apimwe tena. Akiendelea kushuka hivi, itabidi wapunguze dawa au waisimamishe, na ugonjwa hautasimama kuwangoja.

Dada akachukua mkoba wake. "Twendeni," akatuambia. "Watu wanaodanganya kwenye mizani watadanganya na kwenye dawa. Hapa sirudi tena."

Nikamshika mkono, maana namjua. Dada yangu akisema harudi mahali, harudi. Kuna shangazi yetu mmoja anamngoja mpaka leo. Nikamgeukia shemeji aseme kitu, na nikamkuta anaangalia feni ya darini, jasho linamtiririka chini ya feni hiyohiyo.

"Mama watoto," akasema mwishowe, "mizani haina kosa. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nimelipunguza."

"Umepunguza nini?"

"Gauni."

Dada akajitazama kifuani. "Hili?"

"Hilo."

"Na la maua?"

"La maua mara mbili."

"La kijani je?"

"La kijani mpaka mikono."

Hakuna aliyecheka, hata benchi. Nesi akatuingiza kwenye chumba chake kidogo na kufunga mlango. Ningempiga shemeji kwa mkoba wangu, namna hasira ilivyonipanda. Miezi yote hiyo nabishana na mgonjwa, kumbe nabishana na cherehani.

"Kwa nini ulifanya hivyo, Fundi?" nesi akamuuliza, bila ukali.

Shemeji akasema, "Gauni lilimwanguka begani siku moja anavaa. Akakaa kitandani akalia, hakutaka kutoka chumbani. Mimi kutibu siwezi. Kupunguza nguo naweza." Akafuta uso kwa kiganja. "Naogopa, nesi. Naogopa tangu siku ya kwanza."

Hasira yangu ikaniponyoka hapohapo, na mkoba nikauweka sakafuni.

"Nguo ikipwaya, njoo uniambie mimi, usiiambie sindano," nesi akasema. Akamgeukia dada. Akasema hakuna saratani inayokufa kwa njaa, anayekufa njaa ni mtu. Ale nyama, ale mayai, anywe maziwa, ale kidogokidogo mara nyingi. Kichefuchefu kikija aseme, dawa zake zipo. Mdomo ukiuma aletewe vyakula laini. Akiletewa mizizi na majani ya mtaani, aulize hapa kabla hajayaonja. Na Jumatano waje wote wawili, maana anayeuguza naye huumia.

Sina hakika dada alisikia hata nusu. Alikuwa ameomba mkasi, na shemeji hatembei bila mkasi mdogo mfukoni. Dada akafumua bitana ubavuni kidogo, akaingiza vidole ndani. Akavuta. Kitambaa kikatoka, kikatoka tena, kimekunjwa na kulazwa kwa unadhifu.

"Mbona hukukata?" akauliza.

"Nini?"

"Hiki kilichozidi. Fundi gani anaacha kitambaa chote hiki ndani ya nguo?"

Shemeji alimshangaa, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Nikikikata, siku ukinenepa nitakuvalisha nini?"

Dada akakishika kile kitambaa kwa mikono miwili. Alilia kwa sauti, na mumewe akapiga magoti pale sakafuni akamshika miguu, na nesi akapata kazi ya kupanga faili zilizokwisha kupangwa. Mimi nilisimama kama mlingoti.

Baadaye dada akajipangusa, akatazama mkoba wangu.

"Mdogo wangu, umebeba nini humo?"

Nilikuwa nimebeba mayai mawili ya kuchemsha, mkate wa siagi na chumvi kwenye kikaratasi, vyote vyangu, kwa sababu foleni ya pale inajulikana. Nikampa. Akamenya yai la kwanza polepole, akalipaka chumvi, akatafuna, akafumba macho akameza. Akapumzika. Akamenya la pili. Nilirudi nyumbani na njaa yangu yote, na siku hiyo sikumsema mtu.