Mbeba Machungwa

Ilikuwa Pasaka ya mwaka sabini na saba. Hapana, nasema uongo, ni sabini na nane, maana goti la Torleiv lilikuwa limeshaanza kumsumbua.

Kwao Norwei, watu wakipanda mlimani na mbao zao za kutelezea thelujini, anayebeba machungwa ndiye anayechagua pa kupumzikia. Hakuna wa kumbishia. Torleiv aliyabeba miaka nenda miaka rudi, ila safari hii aliona haya kuwasimamisha mapema mkewe Eldbjørg na mwanawe. Akajisemea, namwachia mjukuu. Mtoto wa miaka saba hafiki mbali.

Basi akaenda na mjukuu huyo, Gunvor, dukani kwa rafiki yake Halgrim kuchagua mkoba. Torleiv akaushika mkubwa kuliko yote. Halgrim akamvisha mtoto, akauona unamfika mapajani.

"Torleiv, unamnunulia mtoto mkoba, au unamnunulia mkoba mtoto? Akianguka na zigo hili atabaki chali kama mende."

Akaleta mdogo, wa buluu, wenye mkanda wa kifuani na wa kiunoni. Akamwambia Gunvor apinde magoti, ajigeuze huku na huku, aruke. Mkoba ukamganda kama ngozi yake. Lakini machungwa? Halgrim akachukua viazi kwenye kapu la mkewe, wakajaribu. Vikaingia vitatu, nao walikuwa watu wanne. Na asiyebeba yote si mbebaji. Hiyo nayo ni sheria.

Torleiv akanywea. Gunvor akakiokota kiazi cha nne, akakisukumiza ndani ya kofia ya koti lake.

"Na hiki nimekibeba. Au siyo, Babu?"

"Umekibeba, mama."

Siku ya safari Gunvor akatangulia. Akaupita msitu, akaupita mto ulioganda, akalipita hata jabali alilozoea kupumzikia babu yake. Goti likawaka moto. Eldbjørg akamnong'oneza mumewe amwombe mtoto asimame. Akakataa, sheria ni sheria. Mbele kidogo Gunvor akageuka, akawatazama kitambo, akachomeka fimbo zake thelujini.

"Hapa. Miguu imechoka."

Wala hakuwa akihema. Torleiv akaketi, jua usoni, chungwa mkononi, roho yake kwatu. Akamwuliza mjukuu wake swali ambalo hata leo hajajibiwa:

"Hebu niambie mama, miguu ya nani?"